Pawa stelingi ngumu asubuhi za baridi, mchana safi. Nianzie wapi kabla sijauziwa raki?

Mnyalukolo_Njombe: Habari zenu wakuu. Nina Noah old model, SR40 ya petroli, nipo Njombe mjini. Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze, asubuhi nikiwasha gari usukani unakuwa mgumu kama halina pawa kabisa. Kulitoa getini ni mikono miwili na bega juu. Nikikata kona kuna mlio wa kuguna unatoka upande wa pampu, na unapanda kadiri ninavyokata. Injini ikishika moto usukani unalainika, mlio unapungua ila hauishi. Mchana utadhani ni gari jingine.

Fundi wa kwanza hata hakuangalia oili, kasema raki (kile kifaa cha chini kinachogeuza magurudumu ya mbele) imekufa nikatafute ya mtumba Dar. Wa pili kasema pampu. Naombeni mawazo kabla sijatoa hela. Na tafadhali, msiniambie nihamie Dar.

Kitulo_Boy: Karibu Makete mkuu, huku asubuhi hata sisi wenyewe tunagoma kukata kona.

FundiUyole: Usinunue kitu kwanza. Huo ugumu ni pande zote mbili au upande mmoja? Gari likiwa limesimama, ukipiga resi kidogo usukani unalainika? Halafu kesho asubuhi fungua kopo la oili ya stelingi kabla ya kuwasha, tazama rangi. Washa, kata kulia na kushoto mara kadhaa, tazama tena kama kuna povu. Zima, uone kama oili inapanda kwenye kopo.

Limuru_Mist: Boss, kama uko na gauge cheki pia upepo wa tairi za mbele. Baridi inashusha pressure, kama psi moja hivi kwa kila nyuzi tano au sita za joto zinazopungua. Huku kwetu July watu wanalaumu steering na ni tairi ziko chini. Hiyo ya kuguna lakini si tairi.

Mnyalukolo_Njombe: Nimeangalia. Ugumu ni pande zote sawasawa. Resi inasaidia kidogo. Oili ni nyeusi na inanuka kuungua. Nikiwasha inajaa vipovu vidogo vidogo, na nikizima kweli inapanda mpaka karibu na mfuniko! Mkanda haulii. Upepo wa tairi ulikuwa chini kidogo, nimejaza, hakuna tofauti.

FundiUyole: Basi umeshajijibu. Oili kupanda ukizima maana yake ina hewa ndani: presha ikiachiwa, hewa inatanuka. Hewa inabonyea, oili haibonyei, ndiyo maana nguvu haifiki kwenye raki na pampu inaguna.

Kwa nini asubuhi tu? Oili iliyochoka ikipoa inakuwa nzito. Pampu inaivuta kwa shida kupitia ule mpira mnene unaotoka kwenye kopo. Huo mpira ukizeeka unakakamaa, klipu yake haibani tena, pampu ikikosa oili inavuta hewa palepale kwenye maungio. Usitegemee kuona tone chini, kwa sababu pale inaingia hewa, haitoki oili. Joto likipanda oili inakuwa nyepesi, mpira unalegea na kukaa vizuri, tatizo linajificha.

Raki iliyokwisha mara nyingi inakuwa ngumu upande mmoja, au inavuja ndani ya zile buti za mpira pembeni. Yako haina dalili hiyo.

Fanya hivi: badilisha mpira wa kunyonya pamoja na klipu zake. Fungua kopo ulioshe, chini kuna chujio la wavu, likiziba pampu inakosa oili hata kama kopo limejaa. Nyanyua magurudumu ya mbele juu ya stendi, siyo jeki peke yake. Chomoa mpira wa kurudisha oili, uelekeze kwenye chupa, ziba tundu lake kwenye kopo. Injini imezimwa, mmoja akate usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, mwingine aongeze oili mpya bila kuacha kopo likauke. Ikitoka safi, rudisha mpira, endeleeni kukata hivyo mpaka mapovu yaishe, ndipo uwashe. Hizo Toyota za miaka ya 90 zinatumia ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) ya Dexron, soma kwenye mfuniko. Jaza kwa mstari wa baridi, siyo wa moto.

MamaKelvin_Mafinga: Mimi nina IST nayo inagoma asubuhi. Na mimi nibadilishe oili?

FundiUyole: Hapana dada, hiyo stelingi yake ni ya umeme, haina oili. Angalia kama kuna taa ya stelingi kwenye dashibodi. Pima betri kwanza, ikishuka asubuhi mota ya stelingi inazimika.

Minneapolis_Mzee: Huku nyuzi zikishuka chini ya sifuri kabisa, kila gari lenye stelingi ya oili linaguna dakika ya kwanza. Usilazimishe usukani mpaka mwisho na kuushikilia pale, presha inapanda mno na ndiyo inayoua pampu. Na wenye Volkswagen na Audi, nyingi zinatumia oili ya kijani, msichanganye na ATF nyekundu.

Limuru_Mist: Na mtu asikuwekee brake fluid eti ni "oili tu". Ilifanywa kwa gari ya jirani, sili zote zikafura. Hizo chupa za kuziba leakage pia mimi siziamini.

Mnyalukolo_Njombe: Mrejesho. Mpira ulikuwa na nyufa ndani ya klipu, kwa nje hauonekani kabisa. Wavu umejaa tope jeusi. Tumefanya kama ulivyoelekeza. Leo kulikuwa na ukungu mzito na nimetoka getini kwa mkono mmoja. Umebaki mlio mdogo tu nikiwasha.

FundiUyole: Hiyo ni hewa iliyobaki. Ikiisha yenyewe baada ya kutembelea siku kadhaa, achana nayo. Isipoisha, kagua mpira wa kurudi na sili ya shafti ya pampu, bado pampu yenyewe haijahukumiwa.

Kitulo_Boy: Fundi, nina Hiace ya mkaa inaguna hivyohivyo. Nakuja PM.