Naomba ushauri: rangi ya asali kwenye bodi ya gitaa la umeme la Telecaster

Habari zenu wakuu. Napaka bodi ya Telecaster ya mbao ya eshi. Nataka ile rangi ya asali ya miaka ya 1950 inayoacha mistari ya mbao ionekane, na kibao cheusi cha kukinga bodi chini ya nyuzi (kibao cheupe kinaipooza kabisa). Vinyweleo vya eshi viko wazi, hivyo nilijaza filla (kijazio cha kuziba vinyweleo), nikapiga msasa namba 220, nikapuliza vanishi ya nitroselulosi yenye rangi. Ilipokauka ikazama kwenye vinyweleo; ukimulika taa kwa ubavu, vishimo vinaonekana. Kingoni, ambako mipulizo hupishana, imekolea hadi chungwa.

Je, mikono zaidi ya vanishi isiyo na rangi itaziba vishimo, au nikwangue nijaze upya? Na kingo nizipulizeje zisikolee?