Mrejesho: kuwasomea wanangu Biblia jioni
Wapendwa, niliuliza hapa namna ya kuwaanzishia Biblia wanangu wa miaka 4 na 7, maana nikiwasomea sura nzima walikuwa wanasinzia. Asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kisa kimoja kifupi baada ya chakula cha jioni, kisha mtoto anakisimulia mwenyewe. Umesaidia mno! Tulipomsoma Zakayo, Luka 19, yule mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne alichowadhulumu watu, mkubwa aliyekuwa amekula karanga za mdogo wake alimhesabia nne kwa kila moja, kiganjani, bila kuambiwa. Nilitokwa na machozi.

Kukariri mstari kila wiki kumeshindikana kwa mdogo. Zaburi 23 anaishia "Bwana ndiye mchungaji wangu". Nimemwachia huo tu, tunausema pamoja kabla ya kulala. Mama uliyesema niwaombe msamaha ninapowakaripia bure, Mungu akubariki. Hilo bado najifunza.