Mada: Ploti Mambrui, ofisi imerudisha faili langu. Na mngekuwa nyinyi mngenunua wapi?

Mama Swaleh, Leicester

Assalam aleikum, na wasio Waislamu hamjambo.

Naomba msaada kabla sijapasuka. Tulikubaliana bei na mwenye shamba Mambrui, kaskazini ya Malindi, ekari moja, nikamtumia ndugu yangu PoA, hati ya uwakili, anisimamie. Jana ofisi ya ardhi imemrudishia faili zima. Kwanza, PoA eti imeshuhudiwa na notari wa huku tu, haina muhuri wa ubalozi. Pili, karani kaiona nakala ya pasi yangu nyekundu ya Uingereza, akauliza mbele ya watu, "Huyu ni raia au mgeni?" Kikao cha LCB, bodi inayoidhinisha uuzaji wa mashamba, nacho kimesogezwa mpaka mwezi ujao.

Sasa baba watoto anasema hapo hapana heri, tuhamie Casuarina au Mayungu, kusini ya Malindi. Nyumba ni ya kukaa tukistaafu, na watoto waje likizo. Muhuri wa ubalozi ni lazima au si lazima? Na nyinyi mngechagua wapi?

Abu Nuru, Bergamo

Waleikum salaam dada. Yangu niliipeleka ubalozi Roma, ikapigwa muhuri, ikapita. Wanaosema notari anatosha sijui walipitia mlango gani.

Casuarina usijaribu. Nilitunza nyumba kule kabla sijaja Italia, napajua. Ukuta mrefu, bwawa la kuogelea, maua yamemwagika mpaka barabarani, na ndani hamna mtu mpaka Desemba. Mwenyewe yuko Brescia anatuma mshahara wa askari, wa shamba boi, wa fundi wa bwawa, tokeni za stima, na pampu ikifa simu inamlilia yeye. Pensheni yako huenda ikatosha, lakini jioni utazungumza na nani? Mayungu afadhali. Bado ni kijiji cha wavuvi, na maji yakipwa unatembea kwenye lile fungu la mchanga ambalo Waitaliano wamelibatiza Sardegna 2.

Mzee wa Barani, Hamburg

Mnarukia ufuo na swali lenyewe halijaulizwa. Mama Swaleh, uraia wa Uingereza ulichukua mwaka gani?

Mama Swaleh, Leicester

2006, ami. Lakini kitambulisho changu cha Kenya ninacho, na PIN ya kodi ya KRA inafanya kazi.

Mzee wa Barani, Hamburg

Basi karani hana kosa, na mimi si mtu wa kutetea makarani. Katiba mpya ilianza tarehe 27 Agosti 2010. Aliyechukua uraia wa nje baada ya hapo, na ni Mkenya wa kuzaliwa, hajapoteza kitu. Aliyechukua kabla, kama wewe, uraia wa Kenya ulimtoka siku ile alipoapa. Kifungu cha 14(5) kinakupa haki ya kuurudisha, lakini kwa kuomba. Haurudi wenyewe. Kitambulisho cha zamani ni kadi tu, na PIN hata Mjerumani anayo.

Sasa angalia hapo ulipochagua. Mambrui unanunua shamba, na shamba linapita LCB. Sheria yao ni ya 1967, inawaagiza wamkatalie asiye raia. Ploti ya ndani ya mji haipiti LCB. Ndiyo maana wageni wamejazana Casuarina wakiwa na hati za miaka 99, kwa sababu Kifungu cha 65 hakimpi mgeni zaidi ya hapo. Hata ushuru wa stempu hutofautiana, ndani ya manispaa asilimia 4, nje asilimia 2.

Na hiyo PoA, muhuri usiwe na muhuri, isiposajiliwa kwenye ardhi ni karatasi ya kufungia karanga.

Kijana wa Muyeye, Minneapolis

Ami, punguza vifungu. Binamu yangu kachukua uraia wa huku 2004, akanunua huko Ganda kwa kitambulisho kile kile cha zamani na hakuna aliyemuuliza. Hati anayo. Akina sisi tunakaa tukisubiri sheria, wenzetu wameshajenga.

Mzee wa Barani, Hamburg

Kutoulizwa si kuruhusiwa. Ngoja siku atakayotaka kuuza, au siku ndugu watakapogombea mirathi na mmoja wao akumbuke kwamba marehemu alikuwa Mmarekani. Mwambie binamu yako aombe uraia wake leo. Maombi yako eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa uhamiaji.

Binti Mambrui, Doha

Shangazi Mama Swaleh, mimi ni wa hapo hapo kwa hiyo nitasema. Mambrui usipaache kwa sababu ya karani. Kuna kaburi la mnara lenye mabakuli ya Kichina, kuna madrasa, kuna adhana unayoisikia ukiwa jikoni, na mchanga wa ufuoni unametameta jua likipiga. Jirani akipika anakugongea. Hayo Casuarina huyapati.

Lakini ujue unachonunua. Upepo wa kusi unavuma tangu Aprili mpaka Septemba na unakuja na chumvi. Nyumba ya mama yangu bawaba za milango zimeoza mara ngapi, ukizigusa zinabaki mkononi unga wa kutu. Fundi akichanganya mchanga wa bahari kwenye zege, nondo zinavimba na dari inadondoka vipande. Ndugu yako asimame pale lori likimwaga mchanga, ausagesage mkononi, auonje ikibidi. Kisima nacho, ukichimba karibu na bahari utapata maji ya chumvichumvi. Ya kuoga sawa, chai haifai. Tenga pesa ya tangi kubwa, na paa liwe na mifereji ya kuvuna mvua.

Abu Nuru, Bergamo

Na bahari ya rangi ya chai mbona husemi? Mambrui iko juu tu ya mlango wa mto Sabaki. Mvua ikinyesha bara, tope lote la Galana, ndio mto huo huo huko juu, linamwagwa hapo.

Binti Mambrui, Doha

Kaka, tope lina msimu. Wakati wa kusi linasukumwa kaskazini, ndiyo, tunalipata sisi. Kaskazi ikiingia, Novemba mpaka Machi, linarudi kusini kwenu, ghuba yote ya Malindi inakuwa ya udongo, na huo ndio msimu wa watalii. Waulize wenye hoteli za mjini zilizojengwa maji yakiwagusa miguuni. Tope limejaza ufuo, sasa mgeni anavuka uwanja mzima wa mchanga kabla hajalowa.

Kijana wa Muyeye, Minneapolis

Hayo ya tope ni madogo. Shangazi, ekari moja ukiiacha wazi miaka miwili ukirudi utakuta maskwota wamepanda mihogo na wamejenga. Zungusha ukuta kwanza, nyumba baadaye.

Binti Mambrui, Doha

Usimwite skwota mtu aliyezikiwa babu yake hapo. 1895 Muingereza alikubaliana na Sultani wa Unguja juu ya ukanda wa maili kumi, 1908 ikaja sheria ya kuleta madai ya ardhi, wenye karatasi wakaandikishwa, na pasipodaiwa pakawa pa serikali. Mgiriama na mnazi wake hakuwa na karatasi. Uhuru ulipokuja 1963 ramani ilikuwa ile ile. Kwa hiyo shangazi, kabla ya sachi ya ofisini, ya kukagua hati, fanya sachi ya miguu. Ndugu yako akae chini na wazee wa kijiji, aulize nani analima hapo, tangu lini, na makaburi ni ya nani. Mtu akikaa miaka 12 waziwazi bila ruhusa ya mwenye hati, anaweza kwenda mahakamani akaidai.

Mzee wa Barani, Hamburg

Hapo umesema kweli, binti. Ongeza na hili, mwenye kuuza asiwe anauza nyumba bila ardhi. Kwetu pwani mtu anaweza kumiliki nyumba ya mawe na chini yake akalipa kodi ya ardhi kwa mwingine. Wabara huwa hawaamini mpaka yawakute.

Mwana wa Langoni, Toronto

Nyote mwahangaika bure. Ndoo Amu, njoo Lamu kwetu, Mama Swaleh. Hakuna matatu za kukupigia honi, punda ndio wana njia, na ukitoka msikitini unasalimiwa na watu wote mpaka ufike kwako. Mkate wa mofa, samaki wa kupaka, kahawa chungu barazani. Huku Toronto theluji imefika kwenye kitasa na mimi naota Maulidi.

Abu Nuru, Bergamo

Amu ya ndoto sawa. Kununua je? 2014 Rais Uhuru aliamuru hati za ekari nusu milioni Lamu zifutwe. Na Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, ukitaka kutoboa dirisha uombe ruhusa ya watu wa urithi.

Mwana wa Langoni, Toronto

Zile zilikuwa hati za makampuni yaliyojigawia ardhi ya bara, si ploti ya mtu Shela. Na ruhusa ya dirisha ndiyo imetubakishia mji, la sivyo tungekuwa na magorofa ya vioo. Unesco hawakutuweka kwenye orodha 2001 kwa kutuonea huruma. Ila sikatai, tangu gati la kwanza la LAPSSET, ile bandari mpya ya Lamu, lifunguliwe 2021, kila mwenye pesa Nairobi kawa dalali wa Lamu, na mvuvi aliyepoteza mkondo wake bado anaulizia fidia.

Kijana wa Muyeye, Minneapolis

Haya, LAPSSET tena. Mnachagua magavana wale wale halafu mnalalamika.

Mwana wa Langoni, Toronto

Wewe ulipiga kura ukiwa Minneapolis?

Mama Swaleh, Leicester

Jamani, tafadhali. Nimefungua maombi ya uraia usiku huu. Mwenye shamba nimemwambia asubiri, na Binti Mambrui nimekuandikia kando kuhusu wazee. Mume wangu bado yuko na Mayungu yake. Muhuri wa ubalozi?

Abu Nuru, Bergamo

Nilishasema, Roma walipiga.

Kijana wa Muyeye, Minneapolis

Binamu hakupiga.

Bi Zuhura, Birmingham

Samahani kwa kuingilia. Kuna anayesafiri Mombasa kabla ya Ramadhani mwenye nafasi ya kilo tatu? Ni vifaa vya ugonjwa wa sukari vya mama, yuko Maweni, wajukuu watakuja kuchukua uwanjani.

Mwana wa Langoni, Toronto

Shemeji yangu atapita Heathrow mwishoni mwa mwezi. Lakini habebi dawa wala simu, nguo tu, na umwoneshe kabla hajafunga sanduku.