Tarbia ya harusi: nimekwama mshororo wa kwanza

Kaka Mtu: Shikamooni wakubwa. Dada anaolewa Jumamosi, nami nimepewa shairi la tarbia, mishororo (mistari) minne kila ubeti. Kila nikiandika "Bismillahi naanza", nafuta. Nianzeje?

Mzee wa Vina: Marahaba. Anza na kibwagizo, mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, mfano: "Leo kwetu kuna ngoma, na majirani njooni." Hesabu silabi kwa vidole, nane kwa nane, mizani 16. Vina, yaani silabi za mwisho za kila nusu, unavyo: -ma na -ni. Sasa kusanya maneno: mama, huruma, salama, ukumbini, mkononi, jikoni. Mishororo mitatu ya juu itakuja.

Mama Pilau: Ila bibi harusi kufananishwa na mwezi na nyota tumechoka jamani! Huyo dada ana kituko gani?

Kaka Mtu: Hukomba ukoko sufuria ingali ya moto.

Mama Pilau: Ubeti wa kwanza huo! "Jikoni" umeshapewa.