Mrejesho: "on time" na "in time"

Wadau, niliuliza tofauti ya "on time" na "in time", maana kwa Kiswahili zote twasema "kwa wakati". Ahsanteni sana, sasa imekaa sawa.

"On time" inafuata saa iliyopangwa. Basi la Tanga kwenda Dar limepangiwa saa 12 asubuhi, likatoka saa 12: "The bus left on time."

Yenye kusumbua ni "in time", yaani kuwahi kabla jambo halijapita, hata kama hakuna saa iliyopangwa. Ikifuatwa na nomino, weka "for": "We reached Pangani in time for the ferry." Ikifuatwa na kitenzi, weka "to": "in time to cross to Bweni" (Bweni ni ng'ambo ya mto, ukivuka kutoka Pangani). Kosa letu kubwa ni "in time for cross". Ukiwahi kwa kuponea chupuchupu, sema "just in time". Ukiwahi na nafasi ikabaki, "in good time".

Tena angalieni mahali pa kuweka "on time" katika sentensi. Kiswahili kinakubali "alimaliza kwa wakati kazi yake", lakini Kiingereza hutanguliza yambwa (kinachotendwa, hapa "her work"): "She finished her work on time." "She finished on time her work" ni kosa.