Nani kawaambia muweke PYTHONPATH kwenye kifungashio? Siku zangu mbili zimeteketea

Wakuu, salamu. Nina hasira tangu Ijumaa na leo naitoa hapa. Kwa wageni: PYTHONPATH ni kigezo cha mazingira kinachoiambia Python folda za ziada za kutafuta maktaba, na kifungashio ni skripti ndogo inayotayarisha mambo kisha kuiita programu yenyewe.

Kuna mama ana duka la jumla huku kwetu Ngamiani, Tanga. Nilimwandikia programu ya stoo kwa Python: inahesabu mzigo, inachapa lebo za bei. Ina Python yake 3.11 ndani ya /opt na maktaba zake humo humo, haigusi kitu cha mfumo. Mwaka mzima haijasumbua. Ijumaa, siku ya kufunga hesabu za mwezi, akanipigia: "Mwanangu, kompyuta imekataa." Nikaenda, nikafungua kwenye menyu, ikafunguka. Nikaondoka. Sijafika hata Chumbageni, simu tena.

Nimekwenda na kurudi mara tatu. Vijana wanaandika mzigo kwenye daftari, wateja wamejazana, na mama wa watu ananitazama kama tapeli.

Jumamosi usiku ndipo nilipogundua kwamba vijana hawapiti kwenye menyu. Wanabofya kutoka ndani ya programu ya kupangia mafaili, ambayo nayo ni ya Python na imekuja na distro, yaani toleo la Linux la kompyuta ile. Nikafanya kama wao, programu yangu ikaanguka hapo hapo: eti PIL, yaani maktaba ya picha ya Pillow, haina sehemu yake ya _imaging. Nikafungua terminali kutoka humo humo, nikaandika env | grep PYTHON kuona vigezo vya mazingira vya Python. PYTHONPATH imejaa njia za Python 3.12 ambazo sikuziweka mimi!

Waliofunga kifurushi cha programu ile ya mafaili wamekivalisha skripti ndogo ya Bash, ndicho hicho kifungashio. Kazi yake ni ku-export PYTHONPATH ili programu yao ione maktaba zake, kisha inaita programu yenyewe. Sasa jamani, kigezo cha mazingira kikishakuwa exported kinarithiwa na kila mtoto wa mchakato ule, na wajukuu wake. Na njia za PYTHONPATH zinatangulia site-packages, folda ya kawaida ya maktaba za Python. Kwa hiyo Python yangu 3.11 ikapewa Pillow ya 3.12, yenye sehemu za C zilizojengwa kwa toleo jingine. Itaacha kuanguka?

Niliwaandikia, na maelezo yote nikaweka. Jibu: programu yetu inafunguka vizuri, wakafunga tatizo. Ndiyo, ya kwenu inafunguka! Mnaua za wenzenu.

Wala si kwamba njia nyingine hazipo. Unaweza kuongeza njia za maktaba ndani ya skripti yenyewe, mwanzoni kabisa, kwa site.addsitedir, hiyo inabaki kwenye mchakato ule tu. Debian wana utaratibu ulio wazi: moduli za programu moja zinakaa kwenye folda yake chini ya /usr/share, na mstari wa kwanza unataja /usr/bin/python3 moja kwa moja, si kupitia amri ya env. Ukiweka symlinki (kiungo kinachoelekeza kwenye faili jingine) kwenye /usr/bin, Python inaifuata hadi kwenye faili halisi na kuanza kutafuta moduli kwenye folda ya faili hilo. Hapo kifungashio cha nini?

Na kuna hili la majina. Faili halisi wamelificha kwa nukta mbele na "-real" nyuma, kisha wanaliita kwa exec -a, amri ya Bash ya kuendesha programu kwa jina utakalolipachika, wakidhani jina la zamani litabaki. Kwa skripti halibaki. Kerneli, kiini cha Linux, ikisoma #! ya mstari wa kwanza inaiamsha Python na kuipa njia ya faili, lile jina ulilolipachika inalitupa. Ndiyo maana ukiomba maelezo ya msaada kwa --help unaoneshwa jina lenye nukta ambalo mtumiaji hajawahi kuliandika maishani mwake. Kijana wa stoo atalielewaje?

Kwa sasa nimeweka chaguo la -I kwenye mstari wa kwanza wa programu yangu, ili Python isisome kabisa PYTHONPATH na vigezo vingine vya aina hiyo. Duka linafanya kazi. Lakini nina wateja wengine wanne wenye kompyuta za aina hiyo hiyo, kuanzia Raskazone mpaka Pongwe, na kesho asubuhi naanza kuzungukia mmoja mmoja kwa nauli yangu.

Wakuu mnaofungasha vifurushi, mpo humu, nawajua. Ondoeni hiyo export. Na kama kuna aliyekwisha kukutana na hili kwenye programu nyingine, aitaje hapa chini niikague kabla sijatoka.