Risasi za stoo ya jeshi za Mosin: bado zinafaa? Na mnazipata wapi siku hizi?

Mha_wa_Columbus
Habari za jioni wakuu. Niko Ohio mwaka wa 6 sasa, greencard ninayo kwa hiyo kwenye sheria niko vizuri, msianze na hilo. Kuna mzee jirani yangu anahamia Florida kaniuzia bunduki ya Mrusi ile ndefuu, Mosin 91/30, na juu yake kaniongezea mkebe wa bati haujafunguliwa, umezibwa kama kopo la samaki, anasema ndani kuna risasi 440 na ameukalia tangu 2011. Mimi nyumbani nimezoea kuona gobole tu, hivi vitu vya kiwandani nimeanza kujifunza huku. Maswali yangu, moja, risasi za miaka ya 70 zinalia kweli au nitajilipua? Mbili, watu wananitisha eti zinaharibu mtutu, ni kweli? Tatu, nikizimaliza napata wapi zingine maana duka la hapa karibu kaniangalia kama nimeomba mafuta ya taa.

Bolti_Mkavu
Mkuu karibu chamani. Kulia zitalia, usiwe na wasiwasi, baruti ikikaa kwenye mkebe uliozibwa mahali pakavu inakaa miaka na miaka, mimi nimepiga za miaka ya 50 na zikaenda freshi tu. Kabla hujapiga geuza moja uangalie kitakoni, kuna namba mbili, ya kiwanda na ya mwaka. 188 ni Novosibirsk, 17 ni Barnaul, 60 ni Frunze ambayo leo ni Bishkek, 10 ni Bulgaria. Angalia na rangi ya ncha. Nyeupe ya fedha ni risasi nyepesi yenye kiini cha chuma laini, njano ni nzito. Ukikuta kijani au nyeusi na nyekundu weka pembeni, kijani inaacha moto angani na hiyo nyingine ni ya kutoboa chuma na kuwasha moto, si za kuchezea renji.

Sasa hilo la mtutu ni kweli ila wanalieleza vibaya. Sio baruti inayoharibu, ni fataki (sio yule wa matangazo ya redioni jamani), ile kitu ndogo kitakoni inayogongwa na pini. Za zamani za jeshi zilitiwa kemikali ikiungua inaacha chumvi, chumvi kabisa kama ya mezani ukoo mmoja, na chumvi inavuta unyevu hewani halafu kutu inaanza usiku uleule. Dawa ya chumvi ni nini? Maji. Basi. Watu wananunua mafuta ya bei mbaya wanapaka juu ya chumvi, mafuta hayayeyushi chumvi! Chemsha maji, weka faneli nyuma ya mtutu, mwaga yote yapite, yakiwa ya moto chuma kinapata joto kinajikausha chenyewe, pitisha kitambaa ndipo uje na mafuta. Na bolti, kile kipande chenye mkono unachovuta kuingiza risasi, uso wake watu wanausahau kila siku.

Mama_Tausi_Houston
Naongezea kwa uchungu. Mume wangu alirudi renji Jumamosi na Yugo SKS, bunduki ya zamani ya jeshi la Yugoslavia, akasema atasafisha kesho, kesho ikawa harusi ya watu, na Houston hii unyevu wake mnaujua ni kama Tanga mwezi wa nne. Jumanne navuta bolti naona rangi ya chungwa, bomba la gesi la bunduki ndani limekwaruza kama kikaango kilichosahauliwa kwenye sinki. SKS za Yugo mtutu wake hauna kromu ndani kama zile za Kichina, na Mosin yako kaka haina vilevile. Kwa hiyo sheria ya nyumba yangu ni moja, hujaosha huli.

Mark4_Mkamba
Hapo kwa kulia manze msimdanganye, sio zote. Mimi niko na Lee-Enfield, hii tunaitanga Mark 4 kwetu, ile polisi wa akiba walikuwa nayo huko juu kaskazini, na guka (babu) wa mke wangu alienda nayo Burma na KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Nilinunua risasi zake, .303 za Pakistan za miaka ya 60, zimeandikwa POF (kiwanda chao cha silaha), bei ilikuwa tamu ndio maana nikaingia mkenge. Unavuta triga unasikia "tik", kimyaaa, unaanza kushusha bunduki ndio inalipuka "DU!". Ya kwanza nilidhani ni jirani wa leni nyingine. Hiyo ndiyo inaua watu. Ikigoma usifungue bolti, usichungulie, acha mdomo wa bunduki unaangalia mbele na uhesabu polepole mpaka 60 ndio ufungue. Zilizobaki niling'oa vichwa nikamwaga baruti, nimebaki na maganda kwa kabati kama ukumbusho wa ujinga wangu.

Bolti_Mkavu
@Mark4_Mkamba hizo POF zina sifa mbaya dunia nzima, hapo uko sahihi kabisa. Ndo maana kusema "risasi za jeshi" kwa ujumla hakusaidii, inategemea nani kazitengeneza na zilihifadhiwa wapi. Waswisi GP11 zao ni stoo ya jeshi pia lakini zinapiga vizuri kuliko risasi nyingi mpya za dukani, 8mm za Mturuki za miaka ya 40 zina nguvu kupita kiasi na maganda yanapasuka shingoni. Za Mrusi ziko katikati, zinalia karibu zote, ila usitegemee tundu juu ya tundu, yadi 100 ukipata ukubwa wa sahani ya chai shukuru Mungu. Na zikipiga juu sana usishangae, zile saiti zilirekebishwa bayoneti ikiwa imefungwa.

Mha_wa_Columbus
Asanteni sana aisee. Mkebe nimeufungua jana, harufu ya vanishi nyumba nzima, ndani pakiti za karatasi 22 kila moja risasi 20, mahesabu ya mzee yako sawa. 188 na mwaka 78. Ila nimeenda renji ya ndani hapa mjini kijana kachukua sumaku kagusisha ncha, ikashika, kanirudisha nje hata sijafungua begi. Na bado hamjanijibu, zingine wapi??

Mama_Tausi_Houston
Sumaku ingeshika hata kama kiini ni madini ya risasi (lead) tupu maana ganda la nje la ncha ni chuma kilichopakwa shaba, wao hawachambui, wanaogopa ukuta wao utobolewe na cheche. Tafuta renji ya nje yenye kichuguu cha udongo na uulize kwanza. Magharibi kule kama Utah kiangazi wanakataza risasi za chuma kwenye ardhi ya umma kwa ajili ya moto wa nyika.

Kuhusu wapi, ukweli ni kwamba umekuja sherehe wanakunja viti. 2011 mkebe kama huo ulikuwa chini ya dola 100 na bunduki yenyewe karibu hivyo hivyo, sisi tulikuwa tunanunua kreti zima, mikebe 2, risasi 880. 2014 serikali ya Marekani ikafungia risasi nyingine za Mrusi, 5.45 aina ya 7N6. Septemba 2021 vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi vikasimamishwa. Halafu 2022 vita ya Ukraine, na 7.62x54R, hii risasi ya Mosin yako, sio kitu cha makumbusho, ni ya tangu 1891 lakini bunduki za kivita za PKM na Dragunov zinaila mpaka leo, kwa hiyo nchi zenye stoo Ulaya Mashariki hazina sababu ya kutuuzia sisi wa kupigia makopo. Kinachobaki ni mikebe ya wazee kama jirani yako na minada, na bei zake utakunja uso. Nunua mpya za Mserbia PPU au Mcheki Sellier & Bellot, ganda la shaba nyeupe, fataki haina chumvi. Ghali lakini hutachemsha maji.

Mark4_Mkamba
Na usijaribu ile CMP, shirika lililokuwa la serikali zamani linalouza bunduki na risasi za jeshi, bila kusoma masharti, mimi na greencard yangu waliniambia wanataka raia. Hata hivyo zile .30-06 za Wagiriki zilishaisha.

Mha_wa_Columbus
Mrejesho. Nimepata renji ya nje, dakika 50 kwa gari. Nimepiga 40. Moja iligoma, nikahesabu mpaka 60 kama mwanafunzi wa chekechea, mzungu wa leni ya pili akabaki ananiangalia, nikaigonga tena ikalia. Baada ya kama ya 15 bolti ikakataa kufunguka nikaipiga na kipande cha mbao, jamaa mmoja pale akaniambia chemba imejaa grisi ya zamani, ikipata moto inakuwa gundi, nisugue. Nimerudi nimechemsha maji nimemwaga, yalitoka meusi kama chai ya rangi. Leo asubuhi nimechungulia mtutu unang'aa. Zimebaki 400 na nimezifungia. Birika la umeme silioni, mke kalificha.